Stata ya umeme kwenye mashine ya kusaga: kazi ya gereji moja ya Malindi

Kwa miaka sita mashine ya kusaga ya shangazi yangu, iliyoko Mambrui, ilikuwa na mtu mmoja tu awezaye kuiwasha, naye hakuwa shangazi. Alikuwa kijana wa jirani mwenye mikono ya mvuvi, na siku alizokwenda baharini akakawia kurudi, akina mama waliokuja na pishi zao za mahindi walikaa barazani wakisubiri upepo umrudishe. Mapema mwaka huu hendeli ya kuizungushia injini ilimponyoka ikamrudia, na kifundo cha mkono wake kikavimba kwa wiki tatu. Hapo ndipo tulipoamua kuifunga injini ile stata ya umeme, yaani mota ndogo ya betri inayoizungusha mpaka iwake, na kazi tukaikabidhi gereji moja ya mjini Malindi ambayo sitaitaja jina, kwa kuwa nina ya kuisifu na nina ya kuilaumu, na mafundi wake bado tunawahitaji.

Injini yenyewe ni ya dizeli, ya Kichina, aina ya S1100: silinda moja iliyolala, yenye kipenyo cha milimita 100 na mwendo wa pistoni wa milimita 115, yaani ujazo wa kama lita 0.9, na nguvu zake ni za farasi 15 au 16 hivi. Hupozwa kwa maji yanayochemka katika tangi lililo juu yake, lile lenye kiboya chekundu kinachozama maji yanapopungua. Wapo walioniuliza kwa nini tusiitupe tukanunua mota ya umeme. Jibu ni kwamba laini ya fezi tatu haijafika pale ilipo mashine, na stima inapokatika watu hawaachi kula sima.

Nianze na jambo ambalo, kwa maoni yangu, lilikuwa bora kuliko yote waliyoyafanya, nalo ni kwamba siku ya kwanza walikataa kazi. Fundi alivuka daraja la Sabaki asubuhi na mkoba wake, akaomba injini iwashwe kwa mkono kwanza, akasimama kando akisikiliza. Kisha akaishika hendeli mwenyewe, akaizungusha polepole bila kukigusa kile kishikio kidogo kinachoinua vali na kuachia hewa, akitaka kuhisi pistoni inasukuma hewa kwa nguvu gani. Ilipita kwa urahisi kuliko inavyostahili, na ndani ya bomba la moshi tukasikia mlio mwembamba kama wa mtu anayepuliza chai.

“Mama,” akamwambia shangazi, “nikiitia stata leo nitakuwa nimekuuzia betri tu.”

“Mwanangu, mimi nimekuita unitilie stata. Sikukuita uniuguzie mashine.”

“Ni kweli mama, lakini stata kazi yake ni kuzungusha. Anayewasha moto ni mgandamizo.”

Maneno hayo yana uzito kuliko yanavyosikika, na wengi wanaokimbilia stata hawajaambiwa. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Hewa ikiingia silindani hubanwa mpaka ikabaki karibu sehemu moja ya ishirini ya ujazo wake wa mwanzo, na kwa kubanwa hivyo hupata joto kali kiasi kwamba dizeli inayopulizwa ndani yake huwaka yenyewe. Vali ikiwa haikai vizuri kitini, au ringi za pistoni zimechakaa, hewa huvuja na joto huondoka nayo. Vivyo hivyo injini ikizungushwa taratibu mno, hewa hupata wakati wa kupenya na joto kumezwa na chuma baridi. Kwa hiyo injini iliyogoma kwa mkono kwa sababu ya ugonjwa wake yenyewe itagoma kwa stata pia, tofauti ikiwa kwamba safari hii inakula betri na kuunguza mota. Fundi alikuta vali ya kutolea moshi imekosa nafasi, haijifungi sawasawa, na nozeli, ile ncha inayopuliza dizeli silindani, ilikuwa ikidondosha matone badala ya kupuliza ukungu. Matengenezo hayo yalitugharimu siku moja na shilingi 2,800. Baada yake injini iliwaka kwa nusu ya nguvu tulizozizoea, mpaka shangazi akaanza kusema kwamba stata haina haja tena, na fundi wa watu nusura aipoteze biashara kwa uaminifu wake.

Tulimsihi shangazi, akakubali. Kazi ya pili ilikuwa flaiwili, gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini. Stata haina pa kushika mpaka lile gurudumu zito liwe na meno pembeni yake, na injini zilizotoka kiwandani kwa ajili ya kuwashwa kwa mkono hazina meno hayo. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kununua flaiwili nyingine ambayo tayari ina ringi ya meno. Ya pili ni kuikereza ile ya zamani pembeni na kuivisha ringi. Flaiwili ya kufaa haikupatikana Malindi wiki ile, na ya kutoka Mombasa ilitajiwa bei iliyomfanya shangazi akae chini, basi tukachukua njia ya pili. Nati kubwa ya katikati ilifunguliwa, gurudumu likavutwa kutoka kwenye shafti yake kwa kifaa chenye bolti, na kwa kuwa ni chuma cha kuinuliwa na watu wawili, likapanda tuktuk peke yake kama abiria kwenda kwa mkerezaji.

Nilifuatana nalo, na hapo ndipo nilipoona ufundi wenyewe. Mkerezaji alitoa ngazi ndogo kwenye ukingo wa flaiwili, akawa anaipima kila mara, maana tundu la ringi lilitakiwa liwe dogo kidogo kuliko mahali lilipokusudiwa kukaa. Ringi ile, yenye kipenyo cha kama milimita 350, iliwekwa ndani ya karai la mchanga juu ya moto wa makaa na kuachwa ipate joto polepole, pande zote sawa. Chuma kikipanda nyuzi 200 hivi, ringi ya ukubwa huo hutanuka kwa takriban nane ya kumi ya milimita, na kiasi hicho kinatosha. Nilimwona akikwaruza sehemu moja kwa msasa ili aione rangi. Ilipofika manjano ya nyasi kavu aliinyanyua kwa koleo mbili, akaiangusha juu ya flaiwili baridi, ikalia “tak” mara moja, na katika muda wa kuvuta pumzi haikutoka tena. Angeiacha ikageuka rangi ya buluu, meno yangepoteza ugumu wake na kuliwa na stata ndani ya miezi. Nilikwisha kuona mahali pengine ringi iliyochomelewa kwa welding pande nne, ikawa yai. Ilipozunguka, stata ilikuwa ikilia na kunyamaza, ikilia na kunyamaza. Kwa hili la mchanga na makaa gereji ile naipa alama zote.

Flaiwili iliporudishwa, fundi hakukimbilia kukaza nati. Kwenye ukingo wa gurudumu hilo pana alama zinazoonyesha pistoni imefika juu na wakati ambao dizeli inatakiwa kuanza kuingia, na mkerezaji alikuwa ameila nusu ya moja ya alama hizo. Fundi alilegeza bomba la nozeli, akazungusha injini kwa mkono mpaka dizeli ikaanza kutikisika mdomoni mwa bomba, akalinganisha na alama iliyobaki, kisha akachonga mpya kwa patasi. Ilimchukua dakika ishirini, na asingeifanya hakuna ambaye angemgundua mpaka injini ianze kugonga.

Stata waliyotuletea ni mpya, ya volti 12, iliyotengenezwa kwa injini za silinda moja za namna hii, si ile ya kuvuliwa kwenye gari. Nalisema hili kwa sababu nilishapewa ushauri wa kununua stata ya gari kuukuu kwa bei ya chini, nami nikauamini nusu. Stata ya gari huweza kuwa inazunguka upande usiofaa, au meno ya pinioni yake, ile gia ndogo ya mbele, yasiwe na unene sawa na ya ringi, na ukishaikosea hapo hakuna breketi, yaani bamba la kuishikilia, itakayokusaidia. Breketi yetu ilichongwa pale pale kwa bamba nene. Fundi aliacha nafasi ya kama milimita tatu kati ya pinioni na ringi stata inapokuwa imelala, kisha akaisukuma pinioni kwa mkono mpaka ikaumana na meno, akapitisha kipande cha waya mwembamba katikati ya meno kuhakikisha hayabanani. Bolti zikakazwa, zikalegezwa, zikatiwa vipande vyembamba vya bati chini, zikakazwa tena. Alirudia mara nne. Kijana wa hendeli, mkono wake ukiwa bado umefungwa kitambaa, alikuwa amekaa juu ya gunia akihesabu kwa sauti.

Hadi hapo ningekuwa naandika sifa tupu. Lakini waya zilinitia hasira.

Betri iliwekwa kwenye kona ya chumba, mita tatu kutoka kwenye stata, na waya iliyotumika ilikuwa ya milimita 16 za mraba. Kwa macho ilionekana nene. Wiki mbili za mwanzo injini iliwaka vizuri, wiki ya tatu ikaanza kujivuta asubuhi kama punda aliyebebeshwa mawe, na ya nne shangazi akalirudia jina la kijana wa hendeli. Nilipiga simu, fundi akaja siku ya tatu, akaniwekea mita. Betri ikiwa imepumzika ilisoma volti 12.5, ambayo si mbaya. Alipobonyeza stata, kwenye vichwa vya betri ilishuka hadi 10.2, lakini kwenye stata yenyewe zilifika 8.7 tu. Volti moja na nusu ilikuwa ikipotelea njiani. Hesabu yake si ngumu, na fundi anayeuza kazi hii alipaswa kuifanya kabla: stata ya injini kama yetu huvuta ampea 200 au zaidi, na mita sita za shaba za unene ule, kwenda na kurudi, zinapoteza zaidi ya volti moja zikibeba mzigo huo, hata kabla hujahesabu viungio. Kiungio kimoja, tena, kilikuwa kimefungwa juu ya rangi ya injini bila kukwaruzwa.

Dawa ilikuwa kuisogeza betri na kuibadilisha waya. Sasa betri iko upande wa pili wa ukuta, ndani ya sanduku la mbao lenye matundu juu, mita moja tu kutoka kwenye stata. Waya ni ya milimita 50 za mraba, na waya wa hasi umefungwa kwenye chuma kilichosuguliwa mpaka kikang’aa, karibu kabisa na miguu ya stata. Upotevu haufiki robo volti. Walinitoza bei ya waya mpya lakini hawakunitoza ufundi, jambo ambalo nililiona ni haki nusu, maana kosa lilikuwa lao lote. Kuitoa betri nje ya chumba kulikuwa na faida nyingine ambayo hakuna aliyeitaja mwanzoni: betri ya asidi ikichajiwa hutoa gesi inayoshika moto, na chumba cha kusagia kina vumbi la unga hewani, ambalo nalo likikutana na cheche si la kuchezewa.

Jambo la pili la kulalamikia ni alteneta, kifaa cha kuchaji betri injini inapozunguka. Tuliuziwa alteneta ndogo inayozungushwa na mkanda, kwa maelezo kwamba bila hiyo betri itakufa. Unga ukaingia kwenye mkanda, mkanda ukawa unateleza na kupiga mluzi, na kila baada ya siku chache ilibidi ukazwe. Niliketi jioni moja na karatasi. Stata ikivuta ampea 200 kwa sekunde tano, imetumia kama 0.28 ya ampea-saa. Shangazi huwasha injini mara nne au tano kwa siku, basi jumla haifiki ampea-saa moja na nusu. Paneli ya jua ya wati 20, ambayo juani hutoa ampea moja hivi, hurudisha matumizi ya siku nzima kabla ya adhuhuri, na jua ni kitu ambacho Mambrui hatujawahi kuagiza kutoka Mombasa. Nilinunua paneli hiyo na kidhibiti chake kwa shilingi 4,100, nikaifunga juu ya bati, nikamwambia fundi aiondoe alteneta. Aliiondoa, lakini hakuinunua tena. Anayewasha injini mara chache kwa siku na hatumii taa wala kitu kingine kutoka kwenye betri, sioni sababu ya kumuuzia alteneta. Anayeitaka, akumbuke kwamba haruhusiwi kuchomoa betri wakati injini inazunguka, kwa maana hiyo ndiyo njia ya haraka ya kuziua daiodi zake.

Betri ni ya kawaida ya gari, ya ukubwa uitwao N70. Jirani alikuja na ya sola, kubwa na nzito, akitaka kutuuzia kwa hisani. Fundi aliikataa, na alikuwa sahihi: betri za sola zimeundwa zitoe umeme kidogo kidogo kwa saa nyingi, hali stata inataka mkupuo mmoja mkubwa. Upepo wetu hapa una chumvi, na kaskazini yetu kidogo, kule Gongoni, huivuna kwa mashamba. Kwa hiyo vichwa vya betri hupata ukungu mweupe na kijani kabla mwezi haujaisha. Tunavisafisha kwa maji ya moto na kuvipaka mafuta ya mgando, yale yale ya kupaka mwilini.

Kuhusu matumizi, mafunzo waliyompa shangazi yalikuwa ya kutosha, ingawa ilinibidi nimsihi fundi ayarudie polepole. Lango la mahindi hufungwa kwanza, kwa sababu hata stata haipendi kuzungusha nyundo za kusagia zilizojaa nafaka. Kishikio cha vali huinuliwa, kitufe kinabonyezwa, gurudumu likishapata kasi kishikio kinaachiliwa, injini inashika na kitufe kinaachwa papo hapo. Ikigoma kwa sekunde kumi, unaacha, unaipumzisha stata kama dakika moja. Jambo lililomchanganya shangazi ni kwamba kuzima swichi ya betri hakuizimi injini. Alifikiri imeharibika. Injini hii, ikishawaka, haidai umeme kabisa. Huzimwa kwa kuikatia dizeli, kama zamani. Hendeli nayo iko pale pale ukutani, kwa kuwa inaingia upande wa pili wa injini, si kwenye flaiwili, na mimi nisingeikubali kazi ambayo ingeifunga njia hiyo. Siku betri itakapokataa, kijana ataitwa, na atakumbushwa kukiweka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, ili hendeli ikirudi imtoke mkononi badala ya kumvunja.

Nimeulizwa na mtu wa Lamu mwenye injini ya Lister ya zamani, ya mizunguko 650 kwa dakika, kama naye aifanye kazi hii. Zile zenye magurudumu makubwa mawili, za kutoka Dursley, Uingereza, au nakala zake za Rajkot, India, ni suala lingine: gurudumu ni pana mno kwa ringi za kawaida, na ukishalizungusha ukiwa umeinua vali, uzito wake wenyewe hukusaidia. Nilimwambia aanze na nozeli na vali, kama tulivyoanza sisi, halafu tuzungumze.

Gharama zote, mbali na yale matengenezo ya awali, waya mpya na paneli, zilikuwa hivi: stata 9,500, ringi pamoja na kukereza 11,000, betri 12,500, alteneta 7,000, waya za mwanzo na swichi na breketi 4,300, na ufundi 6,000, jumla shilingi 50,300. Mchanganuo huu niliupata baada ya kuudai mara mbili, maana karatasi ya kwanza iliandikwa “stata kamili” na tarakimu moja chini yake. Waliahidi siku tatu, wakatumia tisa. Kama ningenunua injini leo, ningeagiza iliyokuja na stata tangu kiwandani na kuokoa safari zote za tuktuk, lakini kwa mwenye injini nzima na mwili wenye afya, kazi hii ningeirudia, na kwa gereji ile ile, sharti niambiwe unene wa waya kabla ya kulipa.

Tangu betri ihamishwe ni miezi minne, na shangazi huwasha mwenyewe, mara nyingi kabla ya swala ya alfajiri kuisha msikitini, jambo ambalo imamu amelilalamikia. Kilichobaki ni kifuniko cha meno. Ringi iko wazi, inazunguka kiunoni mwa mtu aliyesimama, na chumba hicho huingia akina mama wenye kanga na mabuibui siku nzima. Nilikidai tangu wiki ya kwanza, nikaambiwa bamba limekwisha. Kwa sasa tumeegemeza mlango wa zamani wa kabati mbele yake, na shilingi 2,000 za mwisho za ufundi ziko kwangu mpaka kifuniko kifike.